Kipanga anabeba vitoto vya kuku: tumuue ao tuishi naye?

Ndugu msomaji, wewe mama unayefuga kuku nyuma ya nyumba kule kambini, na wewe baba unayerudi kutoka kazi ya usiku na kukuta bibi yako amesimama katika kiwanja na fimbo mukononi, jambo hili munalijua. Kuku ameatamia, mayai yametotoa, vitoto 11 vinamufuata mama yao. Watoto wa nyumba wanavihesabu kila asubuhi. Halafu kivuli kinapita juu ya udongo, kuku mama analia, na mutoto anapiga kelele: « Mama! Kipanga anabeba kamoja tena! » Jioni munahesabu: 10. Kesho yake: 9. Kisha juma moja: 6.

Tusiseme ni kitu kidogo. Kila kitoto kilikuwa na kazi yake mbele ya kukomaa: huyu ni wa daftari za shule, huyu ni wa dawa, huyu ni wa kupokea bakwe wakija. Basi, baba akisema: « Kesho naweka sumu katika nyama, huyu kipanga atakufa », nani atamuambia kwamba hasira yake ni ya bure?

Hatutamuambia vile. Tunataka tu kumuomba angoje kidogo na asome habari ya mahali moja mbali sana, ambako watu waligombana miaka mingi juu ya jambo hili hili. Si juu ya kusema watu wa Ulaya wana akili kuliko sisi. Ni kwa sababu wao walikaa chini wakahesabu, na hesabu yao ilionyesha kitu ambacho macho peke yake hayaoni.

PORI LA LANGHOLM

Mahali pale panaitwa Langholm. Ni kusini ya Uskoti, ile inchi ambayo kwa Kifaransa tunaita Ecosse, karibu na mupaka wa Uingereza. Kuna mji mudogo, na juu ya mji kuna vilima vyenye baridi na upepo, bila miti mirefu. Juu ya vilima munaota kijiti kifupi chenye maua ya rangi ya zambarau. Wafaransa wanakiita bruyère. Sisi tuandike bruyeri.

Katika bruyeri anaishi ndege mumoja wa kuwindwa, wa jamaa moja na kwale na kuku wetu. Tumuite kwale wa Uskoti. Anakula machipukizi ya bruyeri, anajificha ndani yake, anataga mayai chini yake. Kila mwaka, kuanzia tarehe 12 ya mwezi wa 8 mupaka tarehe 10 ya mwezi wa 12, sheria inaruhusu kumupiga bunduki. Watu wenye pesa wanatoka mbali na kulipa bei kali. Wanajificha nyuma ya ukuta mufupi. Watu wengine wanatembea kwa mustari moja wakipunga bendera, ili kwale waruke kuelekea bunduki. Kwa kuwinda namna hiyo, kwale wachache hawatoshi. Inafaa wawe wengi sana.

Juu ya ile kuna kazi. Kuna wazamu wa pori wanaolipwa mushahara, mwaka muzima. Wanachoma bruyeri vipande vipande ili machipukizi mapya yatoke. Wanaua mbweha na kunguru wanaokula mayai, na sheria inawaruhusu. Kuna wale wa kupunga bendera, kuna hoteli, kuna duka. Wewe unayekaa katika kambi ya kampani unaelewa bila kuelezwa: kazi moja ikifungwa, si mutu mumoja anayelala njaa.

Lakini katika pori lile kuna ndege mwingine. Kwa Kifaransa anaitwa busard Saint-Martin. Kwa Kiingereza jina lake lina maana ya munyanganyi wa kuku. Dume yake ni kijivu, karibu mweupe. Jike ni kahawia na alama nyeupe juu ya mukia. Sisi tumuite kipanga-kijivu. Hajengi juu ya muti. Kiota chake ni chini, katika bruyeri ile ile ya kwale. Dume akileta chakula, jike anaruka kumukuta, anageuza miguu juu na kukipokea angani. Watu wanasafiri mbali ili kuona tu ile.

Zamani wazamu walimuua kila mahali walipomuona. Kufika mwaka 1900 alikuwa karibu kumalizika katika Uingereza yote; alibaki zaidi katika visiwa vya kaskazini na vya mangaribi ya Uskoti. Mwaka 1954 Leta ilitunga sheria ya kumulinda, na sheria ya 1981 ikaongeza nguvu. Tangu hapo, anayemuua anaweza kuitwa mbele ya muamuzi.

Basi ugomvi ulikuwa huu. Wazamu walisema: « Munalinda ndege anayekula kazi yetu. » Wapenda-ndege walijibu: « Munasema uongo, yeye anakula panya tu. » Kila mutu alikuwa na maneno. Hakuna aliyekuwa na hesabu.

MIAKA YA KUHESABU

Mwaka 1992 pande zote mbili zilikubali neno moja gumu. Katika Langholm, pori la tajiri mumoja mwenye mashamba makubwa, ndege wote wala-nyama wataachwa bila kuguswa, na wenye elimu watahesabu mupaka mwaka 1997. Wazamu waliendelea na kazi yao, lakini kipanga asiguswe.

Matokeo? Mwaka 1992 kulikuwa majike 2 tu ya kipanga-kijivu yenye viota. Mwaka 1997 walikuwa 20. Kozi, yule mwenye mbio anayekamata ndege angani, naye aliongezeka kidogo.

Na kwale? Wakati wa kutaga, ndege wala-nyama waliua karibu 30 kwa kila kwale wazima 100. Katika mwaka 1995 na 1996, kipanga-kijivu walibeba vitoto 37 kwa kila vitoto 100. Kufika wakati wa kuwinda, kwale walikuwa nusu tu ya wale ambao wangekuwako. Mwaka 1996, katika mapori mengine mawili ambayo zamani yalipanda na kushuka pamoja na Langholm, kwale walikuwa wengi. Langholm hapana.

Ndugu msomaji, usikilize neno hili vizuri. Wazamu walisema kweli. Wale waliowaita waongo walipashwa kunyamaza. Mutu anayelia kwamba amepoteza mali yake, jambo la kwanza si kumufundisha. Ni kuhesabu pamoja naye.

NANI ALIMUALIKA KIPANGA?

Kumbe, habari haikumalizika pale. Wenye elimu walitazama tena vitabu vya zamani vya pori. Wakaona kwamba hesabu ya kwale waliopigwa Langholm ilikuwa inashuka tangu karibu mwaka 1913. Wakati ule kipanga walikuwa wanauawa bila huruma! Namna gani basi wakashusha kwale?

Wakatazama picha zilizopigwa kutoka angani. Kati ya mwaka 1948 na 1988, karibu nusu ya bruyeri nzuri, 48 kwa mia, ilikuwa imepotea. Nani aliikula? Kondoo. Kondoo wengi walikula bruyeri, na pale ilipokufa majani ya kawaida yaliota.

Sasa fuata hatua kwa hatua. Majani yakiota katikati ya bruyeri, panya za majani zinazaana humo, na ndege wadogo wanajenga humo. Kipanga-kijivu akifika na kutafuta mahali pa kukaa, hahesabu kwale. Anatazama panya na ndege wadogo, kwa sababu ile ndiyo posho yake ya kila siku. Wakiwa wengi, anakaa, na wenzake wanakaa. Halafu mwezi wa 5 na wa 6 vitoto vya kwale vinatoka katika mayai, na kipanga wako pale tayari, wana vitoto vyao vya kulisha.

Kwa hiyo kwale walipigwa mara mbili. Walipoteza bruyeri, nyumba yao na chakula chao. Na majani yaliyoingia mahali pake yaliwaletea jirani mwenye njaa. Kipanga alikuwa mwizi, ndiyo. Lakini mulango ulifunguliwa na kondoo, na kondoo waliletwa na watu.

WAZAMU WALIPOONDOKA

Kisha ile hesabu, uwindaji wa kwale ulisimamishwa pale Langholm. Hakuna wawindaji, hakuna pesa. Hakuna pesa, hakuna mushahara. Wazamu wakaondolewa.

Pengine unafikiri kipanga-kijivu walishangilia. Hapana. Wazamu walipoondoka, mbweha na kunguru waliongezeka. Na kipanga-kijivu analala chini, umekumbuka? Mbweha wakala mayai yake na vitoto vyake. Kisha miaka michache, kipanga-kijivu walikuwa tena wachache sana, karibu kama mwanzo. Kwale nao hawakurudi.

Yule muzamu aliyemuona kipanga kuwa adui yake ndiye aliyekuwa anamulindia kiota bila kujua. Na wale waliomupenda kipanga na kumuchukia muzamu, waliona kwamba mumoja akianguka mwingine anaanguka naye.

KUMULISHA MWIZI

Kuna neno moja ambalo litakuchekesha. Mwaka 1998 na 1999, katika Langholm ile ile, walijaribu kumulisha kipanga. Karibu na viota waliweka vijiti, na juu ya vijiti panya weupe waliokufa na vitoto vya kuku vya kiume, vile ambavyo mashamba makubwa ya mayai yanavitupa kwa sababu havitagi. Kipanga aliyelishwa hivi alibeba vitoto vya kwale 86 kwa mia pungufu kuliko yule asiyelishwa.

Ni dawa nzuri. Lakini tusiidanganye nafsi yetu: kwale hawakuongezeka miaka ile. Vitoto vilivyookoka kwa kipanga vingine vilikufa kwa njia ingine.

Tangu mwaka 2008 walijaribu tena, miaka karibu 10. Safari hii mwenye pori, ofisi za Leta na vyama vya wapenda-ndege na vya wawindaji walikaa meza moja. Walirudisha wazamu, walipunguza kondoo, walipanda tena bruyeri, walilisha kipanga. Bruyeri ilirudi sehemu kubwa. Kipanga-kijivu walizaa vizuri. Kwale waliongezeka kidogo, lakini hawakufika hesabu inayotosha kwa kuwinda kule kwa bei kali. Mwaka 2016 wazamu waliachishwa tena.

Tunakuandikia hii bila kuifunika, kwa sababu magazeti mengi yanapenda hadisi zinazomalizika kwa furaha. Hapa watu wa nia njema walijaribu, na sehemu moja tu ya kazi ilifaulu.

Mwaka 2019 mwenye pori alitangaza kuliuza. Ni nani aliyelinunua? Watu wa mji wenyewe. Langholm zamani ilikuwa mji wa viwanda vya nguo, na viwanda vile vilifungwa kimoja kimoja. Watu wakaanza kukusanya pesa, wengine pauni chache, wengine nyingi, na misaada mikubwa kutoka mbali. Mwaka 2021 walinunua nusu ya kwanza, mwaka 2022 nusu ya pili, jumla hektari zaidi ya 4,000, kwa pauni karibu milioni 6. Leo ni pori la kulinda viumbe. Wanapanda miti na wanapokea wageni. Kipanga-kijivu anajenga pale.

WANAOUA KWA SIRI

Mahali pengine katika Uingereza vita haijaisha. Wenye elimu walifunga mashine ndogo juu ya mugongo wa kipanga-kijivu wachanga, mashine inayotuma habari kwa setelite. Mwaka 2019 walitangaza hesabu ya ndege 58. Kati yao 72 kwa mia waliuawa kinyume cha sheria, ao ilionekana wazi kwamba ni vile. Wengi walipotea juu ya mapori ya kwale: mashine inasema vizuri, kisha kwa mara moja inanyamaza, na mufu haonekani.

Anayeua usiku anafikiri ameshinda. Lakini tazama faida yake. Kwa sababu ya wauaji wa siri, tangu mwaka 2024 sheria ya Uskoti inataka kila pori la kuwinda kwale liwe na ruhusa ya Leta. Ruhusa ile inaweza kuondolewa kama kuna uovu juu ya ndege wala-nyama. Wazamu waaminifu wanabeba muzigo wa wasio waaminifu.

Kuna njia ingine iliyojaribiwa katika England tangu mwaka 2018 mupaka 2024. Viota vikikaribiana sana, watu wenye ruhusa walichukua vitoto vya kipanga-kijivu, wakavilea katika boma, kisha wakaviachilia vikiwa wakubwa. Wengine waliisifu, wengine waliilaumu. Hata hivi, mwaka 2013 hakuna hata kitoto kimoja kilichoruka kutoka kiota katika England yote. Mwaka 2023 viliruka 141.

NA SISI HAPA KWETU?

Sasa turudi katika kiwanja chako, mama. Kipanga wako si yule wa Langholm, na kuku wako si kwale wa matajiri. Lakini ulizo ni moja: mwizi unayemuona, ndiye anayekuletea hasara kubwa? Na mulango, nani aliufungua?

Tufanye kama wale wenye elimu. Chukua daftari ya mutoto, ukurasa mumoja. Kila kitoto cha kuku kinachopotea, andika siku na sababu: kipanga, paka, mbwa, panya, mvua, ugonjwa, mwizi wa miguu miwili. Fanya vile miezi mitatu. Ule ugonjwa unaomaliza kuku wa mutaa muzima katika juma moja, unaoitwa Newcastle, unaweza kubeba katika siku chache kuliko kipanga katika mwaka. Na ule una chanjo. Uliza muganga wa nyama. Kipanga tunamuchukia zaidi kwa sababu anaiba mbele ya macho yetu.

Kisha tazama mulango. Zamani nyuma ya nyumba kulikuwa vichaka. Tulivikata kwa makala na kwa kuni, na kitoto cha kuku hakina pa kukimbilia. Tunatupa matumbo ya samaki na ya kuku katika lundo la takataka. Panya wanakuja, na kipanga anakuja kutafuta panya na matumbo. Tumemuandalia meza, halafu tunashangaa anakaa.

Fanya hivi. Majuma ya kwanza, fungia vitoto pamoja na mama yao chini ya kitunga kikubwa ao katika kibanda chenye wavu juu. Panda kitu kifupi cha kufunika: mihogo, ndizi, ua la miti midogo, ili kivuli kikipita wawe na mahali pa kuingia. Fukia matumbo ya samaki, usiyatupe. Acha watoto wacheze karibu na kuku, kwa sababu kipanga anaogopa watu.

Sumu, hapana. Nyama yenye sumu haichagui. Mbwa wa jirani ataila, na mutoto mudogo wa kartie naye anaweza kuiokota. Kipanga akifa, panya aliokuwa anakula wanabaki, nao wanaingia katika gunia lako la bunga.

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anawapa Waisraeli sheria juu ya kiota kinachokutwa njiani: wanaweza kuchukua vitoto, lakini mama ya ndege wamuachilie aende. Sheria ile haisemi mutu asile. Inasema asimalize. Mutu mwenye njaa na ndege mwenye kiota, wote wawili wametazamwa na Mungu yule yule.

Hatukuahidi kwamba hautapoteza kitoto tena. Hata Langholm, na pesa zao na elimu yao, hawakupata amani ya bure. Mwenye kuishi karibu na kipanga analipa kidogo kila mwaka. Ni haki jirani zake wajue anayolipa, na wamusaidie kujenga kibanda, badala ya kumufundisha tu sheria wakiwa mbali.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Mwaka uliopita, ni nini kilichotuletea hasara kubwa katika kuku zetu? Tunajua kweli, ao tunafikiri tu?

2. Wazamu wa Langholm walipolia, watu wengine waliwaita waongo. Je, kuna mutu katika kartie yetu anayelia juu ya hasara yake, na sisi hatumusikilizi?

3. Kuna mulango gani sisi wenyewe tuliufungua, na leo tunamulaumu mwizi peke yake?